Wakuu, daftari la marehemu mama lina namba na saa za usiku, Urambo 1979. Ni za nini?

MtotoWaMwisho ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa.

Mama yetu alifariki mwezi wa nne. Baada ya arobaini tukagawana vitu vyake, na mimi kwa kuwa ni kitinda mimba nikaachiwa ndoo ya plastiki yenye mfuniko ambayo hakuna aliyeitaka. Ndani kuna kadi za kliniki zetu wote watano, risiti za ada, picha mbili zilizoliwa na unyevu, na daftari moja la shule, yale ya zamani yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwenye jalada ameandika jina lake na mwaka 1979. Mwaka huo alikuwa na miaka 16, yuko kwao Urambo, Tabora. Babu alikuwa na shamba la tumbaku ila aliliacha kabla sijazaliwa, mimi nimekulia Dar.

Daftari zima halina somo hata moja. Ni hivi tu, nanakili:

Jumatatu. Saa 2 – 95. Saa 4 – 95. Saa 6 – 98. Saa 8 – 95. Saa 10 – 98.

Alhamisi. Saa 2 – 120. Saa 4 – 122. Saa 6 – 125.

Jumamosi. Saa 2 – 160. Saa 4 – 165.

Kisha inarudi 95 na kuanza upya. Nimehesabu, inazunguka hivyo mara saba. Kuna ukurasa wa Jumanne ambao amepanga saa zote hadi saa 10, lakini namba iko kwenye saa 2 peke yake, kwingine kote wazi. Na kuna ukurasa juu kabisa ameandika KAMPALA kwa herufi kubwa, halafu chini namba zinaendelea kama hakuna kilichotokea, 130, 132.

Mama alikuwa haongelei ujana wake. Ukimuuliza wakati wa vita ya Amin mlikuwa mnafanya nini, anakujibu "tulikuwa tunalima", anaendelea kuchambua mchele. Sasa naomba mwenye kujua anisaidie: hizi namba ni za nini? Na msichana wa miaka 16 huko porini alikuwa anafanya nini saa 10 ya usiku? Alikuwa na kazi yoyote ya kijeshi?

---

KijanaWaMwanga:

Pole sana mkuu. Hiyo ni presha. Alikuwa anauguza mtu, anampima kila baada ya saa mbili. 160, 165 hapo mgonjwa kazidiwa, halafu 95 kapewa dawa.

---

Fundi_Redio:

Presha ya mtu mmoja ipande kila Jumamosi kwa ratiba? Hahaha. Mimi nasema ni masafa ya redio. Ila tuwe wakweli, vita ya Kagera haikufika Tabora. Huko walikuwa wanakula asali tu, hakuna cha kuandika.

---

Mzee wa Heru:

Fundi, vita haikufika Tabora kwa mizinga. Kwa treni ilipita kila siku.

Mimi ni wa Kasulu, nilikuwa mgambo. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 2 Novemba Mwalimu akahutubia, ile ya sababu, uwezo na nia, na siku moja baadaye askari wa Amin wakavunja daraja la Kyaka. Huku kwetu wito wa jeshi ukaja jina kwa jina kutoka kwa katibu wa kijiji. Tulifundishwa kwa bunduki za miti kwanza, usicheke. Februari 1979 tukapandishwa treni Kigoma kuelekea Tabora, tukageuze njia kwenda Mwanza, kisha meli hadi Bukoba.

Nakupa kitu kimoja, mtoto wangu, kwa sababu umetaja Urambo. Tulipita pale usiku wa manane, mvua inanyesha. Nje gizani tukaona macho ya moto, moja huku, mawili kule, yametulia tu, hayatambai kama moto wa pori. Vijana behewa zima wakanyamaza. Mmoja akasema adui ameshafika mpaka huku, anachoma vijiji. Mhudumu wa treni akacheka mpaka akashika kiti: "Lala, wewe. Wanakausha tumbaku." Hapo ndipo nilipojua kuwa kuna watu wengine wanaokesha.

Namba zako si za kijeshi. Ila KAMPALA hiyo naijua: 11 Aprili 1979, siku tulipoiingia. Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nyuma, Masaka, ambayo niliikuta imeshabomolewa. Waulize wa tumbaku watakwambia zaidi.

---

Bi Usoke:

Mwangaluka, mwanangu. Pole na msiba.

Huwa nasoma tu humu, siandiki, maana vidole vyangu na simu hii havipatani. Lakini umenigusa. Hizo ni digrii za bani.

Bani ni nyumba ndefu kwenda juu, ya tofali za udongo, haina dirisha la maana, ila tundu la kuchungulia kipimajoto. Ndani fito zimepangwa ngazi kwa ngazi mpaka karibu na paa. Majani ya tumbaku yanafungwa kwenye vijiti na kuning'inizwa humo. Nje kuna tanuri ambako unasukumia magogo. Moto hauingii ndani. Joto linapita kwenye mabomba ya bati yaliyozunguka sakafuni, jani linakauka bila kuona moshi. Inaitwa tumbaku ya mvuke, ingawa mvuke wenyewe mimi sijawahi kuuona.

Ukipakia bani, siku mbili za kwanza unataka jani ligeuke njano. Joto liwe dogo, 95 mpaka 100. Hizo ni Farenhaiti, vipimajoto vya zamani ndivyo vilivyokuwa. 95 ya pale ni kama 35 ya siku hizi, ya Selsiasi. Njano ikikubali, unapanda taratibu, 120, 130, jani linakauka. Mwisho unabaki ule mshipa wa katikati, mnene, huo haukauki mpaka ufike 160 na zaidi. Wiki imeisha. Unashusha, unapakia tena, unarudi 95. Mama yako alikausha mabani saba. Babu yako hakuwa mkulima mdogo.

Ukikimbiza moto, jani linaganda na ukijani wake, mteuzi akifika sokoni anakutupia pembeni. Ukizembea, linapita njano linakuwa kahawia kama chai iliyolala. Na jani moja kavu likidondoka juu ya bomba lililoiva, bani zima linaondoka na mwaka wako wote. Ndiyo maana mtu anakesha. Ndiyo maana anaandika kila baada ya saa mbili.

Sasa umeuliza msichana alikuwa anafanya nini saa 10 usiku. Kwa kawaida, hakuna. Kumwagilia kitalu, kuhamisha miche, kuchuma, kufunga kwenye vijiti, hizo zilikuwa kazi zetu sisi na mama zetu. Ukichuma asubuhi jani lina umande unashikwa na kizunguzungu na kutapika, mikono inakuwa myeusi kwa utomvu, ugali unakuwa mchungu mdomoni mpaka jioni. Hayo ya kike. Lakini moto wa usiku ulikuwa wa wanaume, na mahindi yao ya kuchoma na masimulizi yao ambayo ukisogea yanakatika.

Kwetu moto ulikuwa wa kaka yangu. Baba alikuwa ameanguka kutoka fito za juu msimu wa nyuma, mgongo haukurudi. Mwisho wa Novemba 1978, miche ndiyo kwanza inatoka kitaluni, kaka akaitwa. Tulimsindikiza stesheni Usoke. Mama alimfungia michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kwenye kitambaa. Yeye alichokuwa anamwambia baba mpaka treni inang'oka ni kuhusu mbolea. Lori lililozoea kutuletea mbolea nalo lilikuwa limechukuliwa kwenda vitani, kwa hiyo wasiwasi wake ulikuwa na maana.

Nilikuwa na miaka 15, nimetoka kumaliza la saba. Shule nzima alichaguliwa mmoja kwenda sekondari, mvulana. Baba alikuwa hajui kusoma namba. Usinielewe vibaya, tumbaku aliijua kuliko mabwana shamba wote: anaweka kiganja ukutani, ananusa kwenye tundu, anakwambia "bado". Lakini mgongo ule usiku haukumruhusu kuinuka. Mama ana mtoto wa miezi mitatu. Basi aliyebaki nyumbani mwenye kujua 95 na 98 ni vitu viwili tofauti nilikuwa mimi. Elimu yangu ikaishia kwenye tundu la bani.

Kupakia bani ni lazima upande fito, na watu wako chini. Kwa gauni haiwezekani. Nikafungua sanduku la kaka nikachukua suruali yake, nikakunja miguu, nikafunga kiuno kwa kamba ya katani. Mama aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kukusanya michango ya askari (sisi tulitoa kuku wawili na debe la karanga) akamuuliza baba yule kijana mpya umemtoa wapi. Baba akamjibu, "Ni wa hapa hapa."

Kaka aliandika barua mbili. Ya kwanza haikusema yuko wapi, hawakuruhusiwa. Nusu nzima ilikuwa ni bani! "Usipandishe kama mshipa bado una kijani. Mti wa mtundu unawaka haraka, changanya. Ukisikia usingizi simama, usikae." Mtu yuko vitani anawaza usingizi wangu. Nilikuwa naisomea mbele ya tanuri mpaka ikapata rangi ya jani.

Redio ilikuwa ya baba. Betri hazipatikani, tulizianika juani mchana ili usiku zitoe taarifa ya habari na Mazungumzo Baada ya Habari, baada ya hapo sauti inakuwa ya mbu. Siku Kampala ilipoanguka nilikuwa kwenye bani la mwisho. Watu walipiga madebe kijijini. Mimi sikuweza kwenda, nilikuwa kwenye 130, ni hatua mbaya ya kuacha. Nadhani mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, maana naona ameandika Kampala halafu 132.

Sijui kama nimejibu.

---

MtotoWaMwisho:

Shikamoo mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Umejibu kuliko nilivyouliza. Nimelinusa daftari upya, kweli kuna kitu zaidi ya moshi. Mama alikuwa hawezi kulala mpaka saa 10, maisha yake yote. Tulikuwa tunasema ni ugonjwa, tulishampeleka hospitali kwa hilo.

Samahani kukusumbua tena. Ule ukurasa wa Jumanne ulio wazi, unafikiri ni nini? Yeye alikuwa mtu wa kujaza kila kitu, hata fomu ya kitambulisho ilibidi tumwambie inatosha.

---

Ulyankulu_Kwetu:

Naomba niingie kidogo, maana sisi tuko jirani na hatutajwi.

Mama yangu mzazi ni mmoja wa waliovuka kutoka Burundi 1972 wakaletwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Alikuja na miaka 9, kwa hiyo 1979 ana miaka 16 kama marehemu. Na wao walilima tumbaku, na yeye alikuwa kwenye bani la baba yake, ingawa kwao kaka hawakuchukuliwa. Lakini kila redio ilipotamka neno vita, bibi alikuwa anafunga furushi: sufuria moja, chumvi, blanketi, anaweka nyuma ya mlango. Watoto wanaambiwa walale na viatu, wenye viatu. Vita ya Kagera ilikuwa mbali sana na Ulyankulu, lakini mtu aliyekimbia mara moja hapimi umbali kwa kilomita.

Mama anasema furushi lile lilikaa nyuma ya mlango mpaka vita ikaisha, na chumvi ilikuwa imeyeyuka ikaganda ikawa jiwe. Wakaivunja kwa nyundo wakaitumia. Chumvi ya Uvinza, haiharibiki.

Uraia tulipata na wenzetu wale kama 162,000, vyeti vikaanza kutolewa 2014. Bibi hakuvikuta.

Bi Usoke, endelea mama, nami nasubiri hilo la Jumanne.

---

Bi Usoke:

Marahaba, mwanangu. Ulyankulu, nakusalimu nawe. Tumbaku yenu ilikuwa nzuri, tulikuwa tunawaonea wivu sokoni.

La mama yako la Jumanne siwezi kukuambia, silijui. Inawezekana mvua ilizima tanuri, inawezekana alilala tu. Nitakuambia langu, kwa sababu na mimi nilikuwa na usiku kama huo, na wa kwangu ulikuwa bani la tatu, siku ya pili, wakati jani ndiyo linageuka.

Ilikuwa kama saa 6. Nimetoka kusukuma gogo nikahisi kitu kimelowa. Nikadhani nimechanika mahali nilipokuwa napanda fito mchana. Nikasogea kwenye mwanga wa tanuri nikaona damu. Mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniambia. Kwetu hayo yalikuwa ya bibi, na bibi tulipohamishiwa kijijini alikataa, akabaki kule mahameni na mbuzi wake, mwendo wa nusu siku. Shuleni tulifundishwa kilimo cha pamba.

Nikajaza tanuri magogo manne makubwa ili moto usizimike, nikakimbilia nyumbani. Mtoto alikuwa amelia usiku kucha na ndiyo kwanza mama amelala, nikaogopa kumwamsha. Nguo zenyewe hazipo, ujue. Dukani unakwenda na karatasi ya kijiji, unarudi nayo. Mama alikuwa na kanga mbili, moja mwilini, moja imembeba mtoto. Kulikuwa na kile kitambaa cha gunia cha kufungia mitumba ya tumbaku. Nilikijaribu. Nisiseme zaidi.

Nikafungua sanduku la kaka. Juu kabisa kulikuwa na shati lake jeupe la pamba, la kwenda nalo mjini, limekunjwa na jani la mwarobaini katikati ili wadudu wasiingie. Nikachukua mkasi wa mama. Nilianza na mkono mmoja tu, nikasema mikono mifupi nayo ni shati. Baadaye nikaona isiwe taabu.

Nikakaa stoo nyuma ya kihenge nikisubiri kufa, kwa sababu ndivyo nilivyodhani. Sikufa, nikalala. Jogoo aliponiamsha nikakimbia kwenye tundu: 122. Inatakiwa 98. Magogo yale manne yalikuwa yamefanya kazi yao.

Jani lote limeganda kijani, kama limepakwa rangi. Baba alisikia harufu akiwa bado ndani, akaja akiegemea fimbo. Akauliza nani alikuwa hapa. Nikasema mimi, nilisinzia. Hakunipiga. Hakusema nami mpaka Ijumaa, na afadhali angenipiga.

Mama aliona vitambaa nimevianika nyuma ya kihenge siku mbili baadaye. Alinieleza kwa maneno hata kumi hayafiki, akanionyesha namna ya kukunja. Halafu akaniuliza, "Ndiyo usiku ule?" Nikaitika. Baba hakuambiwa na mama, wala na mimi, mpaka anakufa 1996 anajua binti yake alisinzia.

Na daftari langu, kwa kuwa umeuliza. Mimi sikuacha wazi. Nilijaza: 98, 98, 100, 98. Uongo mtupu, kwa mwandiko mzuri. Baba si alikuwa hajui kusoma. Kwa hiyo ule ukurasa wa mama yako mimi nauona ni mkubwa kuliko zote. Langu lilishaliwa na mchwa, na kwa hilo sikulia.

Mwezi wa tatu mwaka huo huo akaja mshenga. Miaka 15 ilikuwa inatosha, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema hivyo kwa msichana. Mshenga akakaa, akanywa maji, akasema yake. Baba akamwambia arudi mabani yakiisha, kwa sasa hana mtu wa moto. Yakaisha mabani, ikaja kuchambua madaraja, ikaja kufunga mitumba, likaja soko, na yule bwana akawa ameshapata kwingine. Wanaosema tumbaku haina faida, mimi najua yangu.

Pesa ilitoka kwa jina la baba. Akanunua baiskeli kwa ajili ya kaka, akirudi aikute. Mimi nikapewa mche mzima wa sabuni. Usicheke: mwaka ule tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, Mwalimu ametuomba miezi 18 ya kufunga mkanda, na mche mzima ulikuwa kitu cha kufungiwa kabatini. Niliukata vipande kumi na viwili kwa uzi. Lakini baiskeli ni baiskeli.

Kaka alirudi 1980, mwezi wa pili, mwembamba, amejifunza kuvuta sigara na kukaa kimya. Tulifurahi, mama alichinja. Jioni akaoga, akafungua sanduku lake atafute nguo ya kupokelea wageni. Suruali aliikuta na viraka vyangu magotini, hakusema kitu. Akachakura mpaka chini, akatoa jani la mwarobaini, kavu, akaligeuza mkononi.

"Mama, shati langu jeupe liko wapi?"

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa. "Panya."

Kaka akachukua kilichobaki, kola na kipande cha mgongo, akakisogeza kwenye taa. Akaangalia ukingo ulivyonyooka. Akaniangalia mimi, nikaangalia chungu. Kisha akakunja, akarudisha na jani lake humo humo, akafunga sanduku.

"Hao panya wenu," akasema, "wana mkasi."